Uhuru na utumwa kwenye ukurasa mmoja

Nina kaunta buku la kwaya tatu ambalo gamba lake nimeshaligandisha kwa gundi mara mbili. Kurasa mbili za mwanzo nimezipiga mistari kwa rula: herufi zimeshuka upande wa kushoto, na mbele ya kila herufi kuna visanduku vitano, a, e, i, o, u. Mgeni akilifungua hudhani ni daftari la upatu. Mdogo wangu aliwahi kuniuliza kama nacheza bahati nasibu. Ni daftari nililomsomea John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya kumi na saba, na hivyo visanduku ni utaratibu wa Locke mwenyewe.

Lakini nianzie nilikokosea.

Mwaka 2006 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma sayansi ya siasa. Locke nilimjua kwa madesa, kama tulivyowajua wengine wote. Desa lenyewe lilikuwa karatasi nne zilizofifia kwa kutolewa kopi juu ya kopi, na humo Locke alipewa nusu ukurasa katikati ya Hobbes na Rousseau. Alizaliwa 1632, akili ya mtoto ni ubao mtupu, haki za asili ni uhai, uhuru na mali, aliandika kuhalalisha Mapinduzi ya 1688 ya Uingereza. Basi. Kwa mistari hiyo niliingia semina, nikanyoosha mkono, nikaeleza kwa kujiamini jinsi Locke alivyokaa kitako baada ya Mfalme James wa Pili kukimbia, akaandika kitabu cha kumtetea mfalme mpya, William. Mhadhiri alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Umekisoma?"

Nikajibu kwamba nimesoma habari zake.

"Aa," akasema, "kumbe umesimuliwa nanasi."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka ili nisionekane mshamba. Nadhani hakuna aliyejua tunacheka nini. Ilinichukua kama miaka mitatu kugundua kwamba mzee yule alinichapa kwa fimbo ya Locke mwenyewe. Kwenye Insha Kuhusu Ufahamu wa Binadamu, kitabu cha tatu, Locke anasema anayedhani maneno yanaweza kumpa mtu ladha ya nanasi, na ajaribu. London ya zama zake nanasi lilikuwa tunda la meza ya mfalme, wengi walilisikia tu. Mimi mananasi nayapita yamepangwa kandokando ya barabara pale Kiwangwa kila ninaposafiri kwenda kwetu Pangani, na bado nilikuwa nimesimuliwa.

Nilipoanza kuisoma Insha kweli, jambo la kwanza nililolitafuta ni ule ubao mtupu. Sikuuona. Alichokiandika Locke kwenye kitabu kilichochapishwa ni karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Unaweza kusema tofauti ni ndogo, na kweli ni ndogo, lakini mimi nilishautaja ubao huo kwenye mtihani nikapewa maksi. Nikajiuliza ni mangapi mengine niliyopewa maksi.

Kitabu ni kinene, na sitamdanganya mtu: kuna sura nilizisoma nikisinzia. Ila Locke ana tabia ya kukuamsha kwa kisa. Kuna kisa cha balozi wa Uholanzi na mfalme wa Siam, Thailand ya leo. Balozi alikuwa akimweleza mfalme mambo ya kwao, akafika mahali akasema kwamba kwao baridi ikizidi maji huwa magumu, watu wakatembea juu yake, na hata tembo angebebwa. Mfalme akamwambia: mpaka sasa nilikuwa nakuamini mambo yako ya ajabu kwa kuwa nakuona mtu wa makini, sasa nina hakika unasema uongo.

Likizo moja nilimsimulia bibi kisa hicho. Bibi alizaliwa Pangani na hakuwahi kuvuka Korogwe. Akasema, "Mfalme kafanya vizuri. Na huyo balozi angemfukuza." Nikampigia kaka yangu anayeishi Kanada, akatuma video ya watu wameketi juu ya ziwa, wametoboa tundu, wanavua samaki. Bibi akaishika simu karibu na macho, akaitazama mara mbili, akanirudishia. "Siku hizi mnatengeneza kila kitu kwenye simu."

Hapo ndipo nilipoelewa Locke alikuwa anasema nini, kuliko nilivyoelewa darasani. Hakukileta kisa kumcheka mfalme. Sura yenyewe inahusu namna tunavyopima habari tusiyoishuhudia: tunaipima kwa tuliyokwisha kuyaona na kwa uaminifu wa anayeisema, na kwa mtu aliyekulia kwenye joto, mizani hiyo inaangukia kwenye "uongo" kwa haki kabisa. Bibi hakuwa mjinga. Alikuwa na ushahidi wa miaka themanini kwamba maji hayabebi mtu.

Daftari nilikuja kulianza nilipokuwa nafundisha sekondari. Nilisoma kwamba mwaka 1686, Locke akiwa uhamishoni Uholanzi, alichapisha kwenye jarida la Jean Le Clerc la Amsterdam maelezo ya namna ya kupanga daftari la kunakili mambo. Ukiacha mashairi machache ya ujanani, hiyo ni miongoni mwa kazi zake za kwanza kabisa kuchapishwa, naye alikuwa ameshavuka miaka hamsini. Mwanafalsafa mzima, anaingia uwanjani kwa maelezo ya jinsi ya kutengeneza faharasa! Nilimpenda kwa hilo.

Utaratibu ni huu. Unachukua neno kuu la jambo unalotaka kuliweka, unatazama herufi yake ya kwanza na irabu ya kwanza inayoifuata. "Haki" inakwenda H-a. "Elimu" inakwenda E-i. Ukikuta kisanduku kitupu, unafungua kurasa za mbele zilizo wazi, unaandika, unarudi kujaza namba ya ukurasa kwenye kisanduku. Ukikuta namba tayari, unaifuata hukohuko. Hakuna kutenga nafasi mapema kwa mambo ambayo huenda yasije.

Kuuhamishia kwenye Kiswahili kulinipa viroja. Locke alizitupa K, W na Y, akasema hana kazi nazo, C, I na U zinamtosha. Kwetu ukitupa hizo tatu huna kitabu, huna watu, huna yai. Nikazirudisha. Irabu alinifaa, maana zake tano ndizo zetu tano. Lakini ngeli zetu zilimshinda. M ilivimba. Mali, mamlaka, mkataba, mapinduzi, maumbile, mtawala, mtawaliwa, maarifa: yote M-a. Siasa yote ya Locke ikajazana kwenye kisanduku kimoja, na wakati huo Z ina mstari mmoja tu, "zaka". Wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Kisha nikaona kwamba msongamano ule unanilazimisha kila nikiandika jambo jipya la mamlaka nipitie macho niliyoyaandika kuhusu mali. Nikauacha.

Kwenye M-a ndiko nilikoweka pia tarehe, chini ya "mapinduzi", na hapo deni langu la semina likalipwa. Locke alirudi Uingereza Februari 1689, kwenye meli moja na Mary aliyekwenda kuwa malkia. Mwaka huohuo vitabu vilimwagika: Barua Kuhusu Uvumilivu kwa Kilatini huko Gouda, kisha tafsiri yake ya Kiingereza ya William Popple, Risala Mbili za Serikali na Insha zikatoka mwishoni mwa mwaka, jalada la ndani likiwa limeandikwa 1690. Ndiyo maana watu tulidhani aliandika kwa ajili ya mapinduzi, na dibaji ya Risala yenyewe inasema inataka kukiimarisha kiti cha Mfalme William. Lakini mwaka 1960 Peter Laslett wa Cambridge alitoa chapa iliyochunguza nakala na maktaba ya Locke, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kitabu iliandikwa miaka kadhaa kabla, wakati bwana wake, Shaftesbury, alipokuwa akipigana James asirithi kiti. Wataalamu bado wanavutana kuhusu mwaka, lakini wamekubaliana kwamba kiliandikwa na mtu anayetaka mapinduzi ambayo bado hayajafanyika. Kuandika hivyo kabla na kuandika baada ya ushindi ni mambo mawili. Desemba 1683 Algernon Sidney, mwanasiasa aliyempinga mfalme, alikatwa kichwa London, na maandishi yaliyokutwa kwake yalitumika mahakamani kama shahidi dhidi yake. Mwaka huo ndio Locke alikimbilia Uholanzi, na huko kwa muda akajiita Daktari van der Linden.

Kwa hiyo nikaanza kutazama alichoweka jina na alichoficha. Insha aliisaini. Barua hapana, Risala hapana. Marafiki waliomshuku aliwakasirikia. Mwaka 1703 kasisi mmoja, Richard King, alipoulizia vitabu vya kusoma, Locke akamwandikia kwamba habari za mali hajaona mahali zimeelezwa waziwazi kuliko kwenye kitabu kiitwacho Risala Mbili za Serikali. Anakisifu kitabu chake mwenyewe kama cha jirani! Alikuja kukiri kwenye nyongeza ya wosia wake Septemba 1704, na Oktoba 28 akafa. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hicho mara nyingi, na wanachokumbuka wote ni hicho.

Ile Barua niliisoma usiku mmoja, kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa mimi ni Mwislamu. Kuna mahali anasema wazi kwamba mpagani, Mwislamu au Myahudi asinyimwe haki za uraia kwa sababu ya dini yake. Nilinakili sentensi hiyo kwenye D-i nikiwa na furaha. Kurasa chache nyuma nilikuwa nimeruka sehemu nyingine, nikairudia: hapo anasema Mwislamu aliyefungwa na utii wa upofu kwa mufti wa Konstantinopoli hawezi kuwa raia mwaminifu wa mtawala Mkristo, na wasioamini Mungu hawavumiliki kabisa, kwa kuwa kiapo hakiwashiki. Nikanakili na hizo, D-i hiyohiyo. Bibi, ambaye mufti wake alikuwa mwalimu wa chuo cha jirani, angeshangaa kusikia anatii Istanbul.

Kitabu chake cha malezi cha 1693 sitakaa nacho sana. Kilitokana na barua alizomwandikia rafiki yake Edward Clarke kuhusu kumlea mwanawe, na mwandishi hakuwa na mke wala mtoto. Anashauri miguu ya mtoto ioshwe kwa maji baridi kila siku na viatu vyake viwe vyembamba vinavyoingiza maji. Wanafunzi wangu wa masika wanavaa viatu vya falsafa hiyo bila kuisoma. Ila anapinga kuchapa viboko kwa maneno makali, na hilo nililipeleka kwenye kikao cha walimu. Sikueleweka.

Sasa U-u.

"Uhuru": U, halafu u. Nilikuwa nimeandika hapo mwanzo wa Risala ya kwanza, ambapo Locke anasema utumwa ni hali duni na ya kinyaa kiasi kwamba ni vigumu kuamini Mwingereza, tena muungwana, anaweza kuutetea. Nilipenda mapigo ya sentensi ile. Miezi baadaye nikawa nasoma Katiba ya Msingi ya Carolina, koloni la Waingereza huko Amerika, ya 1669. Locke alikuwa katibu wa mabwana wenye koloni hilo, na mwaka 1720, alipokwisha kufa, katiba hiyo ilichapishwa kwenye mkusanyo wa kazi zake. Ibara ya 110 inampa kila mtu huru wa Carolina mamlaka na nguvu kamili juu ya watumwa wake weusi, wawe wa dini yoyote ile. Nikatafuta mahali pa kuiweka. "Utumwa": U, halafu u.

Nikafungua ukurasa wa 38 na sentensi ya muungwana ilikuwa pale juu inanitazama.

Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda. Nilichokuwa nimekipanga kichwani ni visanduku viwili mbalimbali, Locke wa uhuru huku na mambo ya ukoloni kule, kama madesa yalivyopanga. Utaratibu wake mwenyewe uliniambia hapana, hapahapa. Nikanakili ibara chini ya sentensi, bila kuacha mstari.

Wanaomtetea husema alikuwa karani tu, aliandika alichoambiwa na mabwana. Nimelifikiria. Karani huyo alipewa cheo cha kikabaila cha Carolina, akanunua hisa za Kampuni ya Kifalme ya Afrika iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, na alikaa kwenye mabaraza ya serikali ya biashara na makoloni. Wengine wanamtupa mazima, wanasema kila neno la uhuru lilikuwa la Wazungu pekee. Hapo pia najizuia, kwa kuwa nimekisoma kitabu. Kwenye Risala ya pili anasema kitu pekee kinachoweza kumfanya mtu mtumwa kihalali ni kutekwa akiwa mchokozi kwenye vita vya dhuluma, na hata hapo mshindi hana mamlaka juu ya watoto wa mateka. Ukifuata maneno hayo, mtoto aliyezaliwa shambani Carolina alikuwa huru siku aliyozaliwa. Locke alikuwa na hoja yote mkononi na hakuifikisha huko. Wala sina shaka aliijua hesabu, alikuwa mtu wa hesabu.

Nimewahi kusomesha ukurasa huo darasani na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano akaniuliza, "Mwalimu, sasa tujibu nini kwenye mtihani?" Nikamwambia ajibu uhai, uhuru na mali. Sijisifii jibu hilo.

Tena hiyo "mali" nayo imenitesa. Locke anasema uhai, uhuru na vitu vya mtu, vyote pamoja, anaviita kwa neno moja ambalo sisi tumelitafsiri "mali". Kwa Kiswahili mali ni mbuzi, shamba, pesa. Hakuna anayesema uhai wake ni mali yake. "Milki" lingekaa vizuri zaidi, lakini madesa yameshashinda.

Na ni mali iliyonipeleka kwenye aibu ya pili, kubwa kuliko ya semina.

Marehemu baba alikuwa amepewa kipande cha kulima na jirani, alime mihogo. Kwetu ukiazimwa ardhi unapanda cha msimu. Mti wa kudumu hupandi bila kuomba, kwa kuwa mti ni neno. Baba akapanda minazi kumi na nne. Wenyewe walipokuwa hai hakuna aliyesema. Walipofariki wote wawili, warithi wa jirani wakadai kipande chao, na sisi tukasema minazi ya nani?

Kikao kilikuwa barazani kwa mzee mmoja wa mtaa. Nami, msomi wa familia, nikaomba ruhusa ya kusema. Nikaeleza kwamba yupo mwanafalsafa aliyefundisha kuwa dunia ilipewa watu wote kwa pamoja, ila mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu, kinakuwa chake. Baba alisafisha pori, akachimba mashimo, akamwagilia. Kwa hiyo kipande ni chetu.

Mzee akatikisa kichwa kama aliyependezwa. "Mashimo alichimba baba yako?"

Nikakumbuka. "Vibarua, babu."

"Basi shamba la vibarua." Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Na huyo Mzungu wako, mjukuu wangu, alipokuwa anachanganya kazi yake, wenyewe walikuwa wapi? Aliomba?"

Sikuwa na jibu, na jibu nilikuwa nalo nyumbani kwenye daftari. Locke anasema wazi kwamba majani aliyokula farasi wangu na udongo uliochimbwa na mtumishi wangu ni mali yangu, bila kuhitaji idhini ya yeyote, kwa kuwa tungengoja idhini ya wote tungekufa njaa. Anaongeza sharti kwamba wengine wabakiziwe cha kutosha na kizuri vilevile. Halafu mfano anaoutegemea ni Amerika: hapo mwanzo, anasema, dunia yote ilikuwa Amerika. Amerika ilikuwa na wenyewe. Nilikuwa nimezisoma sentensi hizo zaidi ya mara kumi na sikuwahi kuuliza alichouliza mzee asiyesoma zaidi ya darasa la nne.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Minazi yetu, tuangue nazi zetu. Ardhi yao. Mnazi ukifa, hatupandi mwingine.

Baadaye nilisoma "Mali ya Taifa", makala ya Mwalimu Nyerere ya 1958, nikakuta anaanza karibu na pale anapoanzia Locke: ardhi ni zawadi ya Mungu, na anayeisafisha ameiongezea thamani kwa jasho lake. Ila anaishia kwingine. Jasho linampa mtu haki ya alichokiongeza, kwa muda anaoendelea kukitumia. Ardhi yenyewe haigeuki kuwa yake. Nikaona mzee wa barazani na Mwalimu wangeelewana kabla ya kahawa ya pili.

Niliporudi nyumbani nilitafuta pa kuyaandika yote hayo. "Mnazi": M, halafu a. Kisanduku kilekile, na mali, mamlaka na mkataba. Niliyaandika ukurasa wa 61, chini kabisa, swali la mzee likiwa mstari wa mwisho.

Mnazi mmoja ulianguka masika ya mwaka jana. Shina tulipasua mbao, makuti akachukua shangazi. Shimo limefukiwa, na wenye ardhi wameshapanda mihogo.